Jeni ni zilezile, mbona mataya ya furu hayafanani?

Mwalimu wa Ilemela

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza, na swali ninaloleta limetoka kwenye ndoo ya samaki. Wiki iliyopita nilinunua furu tisa, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria wa jamii ya sikilidi, huko mwaloni wanakoshushia samaki, hakuna hata mmoja aliyezidi urefu wa kiganja, nikawapeleka maabara ili wanafunzi wachore njia ya chakula kuanzia mdomoni hadi tumboni. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipasua koo la samaki wake aliniita kwa kuwa wembe ulikuwa umekwama kwenye kitu kigumu. Tulikitoa, tukakisugua kwa mswaki mkuukuu, na kilichobaki kilikuwa mfupa wa pembetatu usiozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba, umejaa meno ya mviringo yaliyobapa kama kokoto za ufukweni. Katika furu wa meza ya pili, ambaye kwa nje tulimdhania ndugu wa yule wa kwanza, mfupa huohuo ulikuwa mwembamba na meno yake yamechongoka kama miiba ya mchongoma.

Jibu nililowapa ni lile nililofundishwa chuoni, kwamba hizo ni spishi mbili na kila moja ina jeni zake. Kijana mmoja hakuridhika. Alisema kwamba katika kipindi cha jiografia walifundishwa kuwa Ziwa Victoria lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu na likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, ilhali mimi nimewaambia kwamba lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu. Sasa jeni mpya za kutosha mataya mia tano zilipatikana lini? Nilikosa jibu, nami nikamwambia hivyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na kila ninakopita ninakutana na dai kwamba tofauti haiko sana katika jeni zenyewe bali katika namna zinavyodhihirika. Naomba wenye ujuzi mnieleze dai hilo lina maana gani hasa, na limethibitishwa vipi. Jambo la pili ni la mwenzangu wa ofisini, anayefundisha kilimo, ambaye anashikilia kwamba haya yote ni chakula tu: furu anayevunja konokono huota mfupa mnene kama mshika jembe anavyoota sugu. Ikiwa ni kweli, jeni zinabaki na kazi gani?

Gegedu

Mwalimu, kwanza mpongeze huyo mwenye wembe, kwa sababu amegusa kiungo ambacho watu wengi wanaokula furu kila juma hawajawahi kukitazama. Huishia pembeni mwa sahani pamoja na miiba.

Furu ana seti mbili za mataya. Yale ya mdomoni hukamata chakula, na yale ya koromeoni hukisaga au kukirarua kabla hakijamezwa. Taya la chini la koromeo limetokana na mifupa ya tao la mwisho la matamvua, mmoja wa kila upande, ambayo katika jamii hii ya samaki imeungana ikawa mfupa mmoja. Ndiyo maana mliona pembetatu. Mwaka 1973 mwanaanatomia Karel Liem alipendekeza kwamba kazi ya kusaga ilipohamia kooni, mataya ya mdomo yalipata uhuru wa kugeuka kuwa koleo, kijiko, patasi au bomba la kunyonya, kila spishi kwa riziki yake.

Sasa nije kwenye jeni. Kila seli ya furu, iwe ya jicho au ya pezi, imebeba DNA ileile yote. Kinachoifanya hii iwe mfupa na ile iwe msuli ni jeni zipi zinanakiliwa kuwa RNA na hatimaye kutengeneza protini, wakati gani, na kwa wingi kiasi gani. Hilo ndilo linaloitwa udhihirishaji wa jeni. Mimi kwa wanafunzi wangu husema tu kwamba jeni imewaka au imezimika. Jirani na kila jeni, na mara nyingine mbali nayo, kuna vipande vya DNA ambavyo havitengenezi protini yoyote, bali hushikwa na protini nyingine na hivyo kuamua jeni iwake wapi. Jeni moja inaweza kuwa na swichi kadhaa za namna hiyo, moja ya taya, nyingine ya pezi, nyingine ya moyo. Hapo ndipo jibu la kijana wako linapoanzia. Badiliko katika protini yenyewe hugusa kila mahali protini hiyo inapotumika, moyo ukiwemo, na mara nyingi kiinitete hulipa gharama hiyo kwa uhai wake. Badiliko katika swichi ya taya hugusa taya, na mwili uliobaki huendelea na shughuli zake kama kawaida.

Naomba nikae kidogo kwenye kiinitete, kwa sababu ndiko taya linakoamuliwa. Wakati ubongo unachipuka, seli zinazoitwa za ukingo wa neva huachana na sehemu ya mgongoni, huteremka pembeni mwa kichwa na kujaza matao yaliyopangana chini yake. Tao la kwanza litakuwa taya la mdomo, na matao ya nyuma yatabeba matamvua na, nyuma kabisa, mataya ya koromeo. Seli zikifika kwenye tao la kwanza hupokea ishara kutoka kwenye tishu zinazowazunguka. Protini ya endothelini-1 hutolewa upande wa chini, na zile zilizo karibu nayo zaidi huwasha jeni hand2, zile za katikati huwasha nkx3.2, huku jeni za kundi la dlx zikipangika tabaka kwa tabaka kama vigae vya paa. Pale nkx3.2 inapowaka ndipo bawaba ya taya itakapokuwa. Katika samaki-pundamilia, yule mdogo wa maabara aitwaye Danio rerio, nkx3.2 ikizuiwa kufanya kazi bawaba hiyo haitokei, na gegedu la juu huungana na la chini. Lamprei naye, mnyonyaji asiye na taya ambaye ukoo wake uliachana na wetu kabla mataya hayajatokea, amechunguzwa katika hatua hiyohiyo ya ukuaji, na jeni ya aina hiyo haikuonekana ikiwaka katikati ya tao lake la kwanza. Kwa hiyo hata kuzaliwa kwa taya lenyewe, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kunaelekea kuhusika na jeni ya zamani iliyopata mahali papya pa kuwaka.

Kwa mambo ya karibu na nyumbani, mfano uliochunguzwa kuliko yote unatoka Ziwa Nyasa. Labeotropheus fuelleborni hukwangua mwani ulioshika mwamba, na taya lake la chini ni fupi na nene. Metriaclima zebra anaishi kwenye miamba hiyohiyo lakini hudonoa mwani uliolegea na kufyonza viumbe wanaoelea, na taya lake ni jembamba zaidi. R. Craig Albertson na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba jeni bmp4 huwaka kwa nguvu zaidi kwenye taya changa la yule mkwanguaji, na kwamba bmp4 ilipoongezwa kwa makusudi katika viinitete vya samaki-pundamilia, umbo la taya lao lilibadilika kuelekea upande huohuo. Jeni hiyohiyo ndiyo inayohusishwa na unene wa midomo ya ndege wa visiwa vya Galápagos waliomshughulisha Darwin, jambo ambalo mimi binafsi bado hunishangaza kila nikilifikiria: mdomo wa ndege na taya la samaki, na kitasa ni kilekile.

Habari ya sugu ninamwachia mwingine, kwa sababu nikianza sitamaliza leo.

Mbamba Bay

Ninakubaliana na sehemu kubwa ya aliyosema Gegedu, ila ninaona ameuza mkokoteni wote kwa bei ya gurudumu moja. Kuona jeni inawaka zaidi katika taya nene hakutoshi kusema kwamba jeni hiyo ndiyo iliyolinenepesha. Taya nene lina seli nyingi za mfupa, na seli za mfupa huwasha jeni za mfupa; inawezekana kabisa kwamba tunapima matokeo tukidhani tumeshika chanzo. Hata pale jeni inapokuwa chanzo, badiliko la DNA linaweza kuwa liko kwingine, kwenye jeni ya tatu inayoidhibiti.

Kuna njia nzuri ya kutenganisha mambo hayo, na Mwalimu anaweza kuifundisha ubaoni bila kifaa chochote. Zalisha chotara kati ya spishi mbili. Kila seli ya chotara ina aleli (yaani nakala ya jeni) moja ya baba na moja ya mama, na zote mbili zinaishi katika kiini kimoja, zikizungukwa na protini zilezile na chakula kilekile. Sasa pima RNA inayotoka kwenye kila aleli. Ikiwa aleli ya mama bado inanakiliwa zaidi kuliko ya baba, sababu haiwezi kuwa mazingira ya seli, kwa maana aleli zote mbili zimo katika mazingira hayohayo. Lazima iwe kwenye DNA iliyo jirani na jeni hiyo, yaani swichi. Ikiwa tofauti inatoweka, basi chanzo kiko kwingine. Jaribio la aina hiyo lilifanywa kwa samaki mdogo wa miiba mitatu wa nchi za kaskazini, Gasterosteus aculeatus. Wale waliohamia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wana meno mengi zaidi kooni kuliko ndugu zao wa baharini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kwa chotara aleli ya maji baridi ya jeni Bmp6 hunakiliwa kwa kiwango cha chini, lakini si tangu mwanzo. Pengo hufunguka katika hatua za baadaye za ukuaji, wakati uleule ambapo idadi ya meno inaanza kuachana. Hapo ndipo mimi huanza kuamini.

Pia si kila kitu ni swichi. Wale wale mbuna (furu wa miamba ya Ziwa Nyasa) wawili aliowataja Gegedu wanatofautiana kwenye jeni lbh kwa badiliko la asidi amino moja ndani ya protini yenyewe, na badiliko hilo limehusishwa na umbo la taya. Anayesema kwamba mageuko ya mataya ni udhihirishaji wa jeni peke yake anavuka mpaka wa ushahidi.

Kuhusu swali la kijana juu ya muda, furu wa Victoria hawakuingia ziwani na mfuko mtupu. Utafiti wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba babu zao walitokana na kuchanganyika kwa koo mbili, moja yenye asili ya mto Kongo na nyingine ya upande wa Nile, takriban miaka 150,000 iliyopita, yaani zamani kabla ziwa halijakauka na kujaa tena. Aleli za mataya mazito na mataya mepesi zilikuwa tayari zimo kwenye damu. Ziwa lilipofunguka, uteuzi asilia ulikuwa na kazi ya kuchambua na kupanga upya vilivyokuwapo, na kazi hiyo ni ya haraka sana ukilinganisha na kusubiri badiliko jipya litokee. Jenomu za samaki watano wa jamii hii zilizochapishwa mwaka 2014, mmoja wao akiwa Pundamilia nyererei aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, nazo zilionyesha vipande vingi visivyotengeneza protini ambavyo vimebadilika kwa kasi isiyo ya kawaida. Mweleze kijana kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu la kitabu.

Mwana wa Kigoma

Nichukue habari ya sugu, kwa sababu mwalimu wa kilimo ana haki zaidi ya anavyodhani, na pia ana kosa moja.

Ziwani kwenu yuko samaki aitwaye Astatoreochromis alluaudi. Akiwa Ziwa Victoria, ambako konokono ni wengi, taya lake la koromeo ni zito na meno yake ni magego. Katika maziwa madogo ya Uganda ambako konokono ni haba, samaki wa spishi hiyohiyo wana taya jembamba. P. H. Greenwood aliandika mwaka 1965 juu ya wale waliolelewa kwenye matangi kwa chakula laini, nao pia walikua na taya dhaifu. Tabia hii iliwahi kuwaponyoka watu waliotaka kumtumia samaki huyu kupunguza konokono wanaoeneza kichocho: samaki aliyekulia bwawani kwa chakula laini hana tena kinu cha kusagia ganda, na hivyo haoni sababu ya kuhangaika na konokono. Hadi hapa mwalimu wa kilimo ameshinda.

Kosa lake ni kudhani kwamba sugu haina jeni. Ganda la konokono haliwezi kuongeza mfupa kwa mkono wake lenyewe. Nguvu ya kung'ata inapoubana mfupa, seli zilizo ndani yake huhisi mkazo huo na kuwasha jeni: za kujenga mfupa, za kuuondoa na kuupanga upya, za misuli inayouvuta. Samaki wa spishi hiyo waliogawanywa katika vikundi viwili, kimoja kikila konokono wazima na kingine konokono waliokwisha kupondwa, walitofautiana si kwa umbo la mfupa tu bali pia kwa wingi wa RNA ya jeni nyingi ndani ya taya lenyewe. Chakula kilipita kwenye udhihirishaji wa jeni ili kifike kwenye mfupa. Na uwezo wenyewe wa kuitikia chakula kwa kiwango hicho umerithiwa, kwa maana si kila furu anao; mwingine ukimlisha konokono mwaka mzima taya lake litabadilika kidogo tu.

Mfano ninaoupenda zaidi unawahusu tena mbuna wa Ziwa Nyasa. Nyuma ya taya la chini kuna kijifupa ambacho kano ya kufungulia mdomo hushikilia, na urefu wake huamua kama mdomo utafunguka kwa kasi au kwa nguvu. Jeni ptch1, inayopokea ishara ya njia iitwayo Hedgehog, imehusishwa na urefu wa kijifupa hicho. Baadaye Yinan Hu na Albertson waliangalia vichanga ambavyo bado vina gegedu tu, kijifupa chenyewe hakijaanza kuumbika, wakaona kwamba vinafungua na kufunga midomo mfululizo, na kwamba kasi ya kupanua mdomo inatofautiana baina ya spishi. Walipoibadilisha kasi hiyo, urefu wa kijifupa nao ulibadilika, kwa kiasi kinachokaribia kile kilichohusishwa na jeni. Kichanga hakijala chochote, bado anabeba kiini cha yai tumboni, na tayari anaushughulisha mfupa ambao hajawa nao. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliacha kabisa kuuliza ni asilimia ngapi ya taya ni jeni na ngapi ni maisha.

Hapa kwetu Tanganyika yuko Perissodus microlepis, mla magamba ya wenzake, ambaye mdomo wake umepinda upande mmoja: wa kulia hunyemelea samaki kutoka ubavu mmoja, wa kushoto kutoka mwingine. Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba upande unaokuwa na wachache hupata faida kwa kuwa mawindo hawautegemei, na hivyo idadi huyumba huku na huku bila upande mmoja kuumaliza mwingine. Mabishano juu ya kiasi gani cha kupinda huko ni urithi na kiasi gani ni mazoea hayajaisha, na baada ya kisa cha vichanga wa Nyasa sioni ajabu.

Mama Minofu

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtaalamu wa jeni, nimefanya kazi ya minofu ya sangara kwa miaka mingi. Alichosema Gegedu kuhusu mataya ya koo yaliyoungana kuwa mfupa mmoja kina upande wa pili ambao haujatajwa. Mfupa ulioungana hufungua njia nyembamba. Furu mla samaki akikamata windo kubwa humchukua muda mrefu kulipitisha kooni, na sangara, ambaye mifupa yake ya koo haijaungana hivyo, hulimeza upesi na kurudi kuwinda. Mwaka 2015 lilichapishwa andiko katika jarida la Science linalosema kwamba hilo ni sababu mojawapo iliyowafanya furu wala samaki waathirike vibaya mno baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980. Taya lilelile lililowapa utajiri wa riziki ndilo lililowaponza wale waliochagua kula samaki. Nimepasua sangara wengi na kukuta furu mzima tumboni. Sijawahi kukuta kinyume chake.

Mwalimu wa Ilemela

Nawashukuru nyote, na hasa Mama Minofu, ambaye mfano wake wanafunzi wataukumbuka zaidi ya endothelini. Mwenzangu wa kilimo nimemsomea jibu la Mwana wa Kigoma, akacheka na kusema kwamba ameshinda kwa nusu. Nimemwachia hiyo nusu.

Tumekubaliana kufanya jaribio dogo. Tuna matangi mawili ya kioo na pampu ya hewa inayofanya kazi umeme ukiwapo. Nimeahidiwa furu jike aliyebeba mayai mdomoni. Nilidhamiria kuwagawa watoto wake, nusu wale konokono na nusu wale chakula cha kuku kilichosagwa, kisha baada ya muda tupime mataya ya koromeo. Je, kuna kasoro?

Gegedu

Kasoro iko kwenye chakula cha kuku. Ukitumia hicho utakuwa umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, ugumu na lishe, na mwenzako wa kilimo atakuambia kwa haki kwamba taya nene limetokana na madini ya konokono, si kung'ata. Wape wote konokono. Kundi la kwanza wapate wazima, wadogo wanaoingia mdomoni. Kundi la pili wapate waliopondwa kwa kinu, nyama na ganda pamoja. Hapo kitakachotofautiana ni kazi ya taya peke yake.

Usianze mapema mno. Watoto wakishatoka mdomoni mwa mama wakuze kwanza pamoja kwa chakula laini hadi waweze kushughulika na konokono wadogo kabisa, kisha uwagawe kwa kura, si kwa kuwachota kwa wavu, kwa sababu wanaoshikwa kwanza huwa ni wazito au wazembe. Kumbuka pia kwamba uzao mmoja wa furu unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Kura itasaidia kuwasambaza. Ningesubiri miezi kadhaa, si wiki, na ningepima kila samaki urefu wa mwili kabla ya kupima mfupa, maana samaki mkubwa ana taya kubwa hata asiposaga chochote. Upana wa mfupa ugawanye kwa urefu wa mwili, kisha uhesabu meno yaliyobapa na yaliyochongoka katika mstari wa katikati.

Jambo la mwisho ni la usalama. Msiokote konokono kwenye kingo zenye majani kwa mikono mitupu, na msiweke konokono wabichi wa ziwani kwenye tangi ambalo wanafunzi wataingiza mikono, kwa sababu wale bapa wa msokoto, Biomphalaria, hutoa vijidudu vya kichocho majini. Tafuteni wale warefu wenye ganda la ncha kama parafujo, Melanoides tuberculata. Hao si wabebaji wa kichocho, na ganda lao ni gumu kuliko la wale bapa, jambo ambalo kwa jaribio lenu ndilo mnalolitaka. Glavu zivaliwe hata hivyo.

Mwalimu wa Ilemela

Nimeelewa. Chakula cha kuku kimerudi kwa kuku. Jike amefika leo asubuhi, mashavu yamefura na hali chochote, na kijana aliyeuliza swali la miaka 15,000 ndiye aliyepewa daftari la kuandika siku watakayotoka.